Kitabu Kinachomtaja Nyani

Uvumi kwamba skuli hufundisha babu wa mtu ni nyani ulimganda Mwanafatuma, hata akapanda basi la Msambweni akamtoe skuli bintiye, Tumu. Kiti cha mbele yake mwalimu alikuwa akimweleza mzee mmoja, mfugaji wa Kinango, kitabu chenyewe kilichozua uvumi huo.

“Babu yangu yumo?” mzee akauliza.

“La, mzee wangu. Mna njiwa na mbwa. Kiumbe astahimiliye shida ndiye azaaye.”

“Hilo twalijua. Mbuzi aliyevuka ukame, mwanawe hatumchinji, twamweka mbegu. Lakini hapo nachagua mimi. Mwituni huchagua nani?”

“Ukame wenyewe.”

“Na ukame huletwa na nani, mwalimu?”

Basi likasimama Msambweni kabla hajajibu. Mwanafatuma, aliyesikia kwamba babu hamo, akashusha pumzi. Kule skuli Tumu akapewa mahamri, akaachwa asome.

Mama mwenzangu, jiepushe na habari za kisimani, kulaani kitabu usichosomewa, na kumtoa mtoto skuli kabla hujamuuliza mwalimu.