Ng'ombe Tisa wa Agustino

Sikieni, Hilary na Judica, wadogo zangu, na wewe Paskalina mke wangu, acha kulia kwanza. Anayedhani leo ninadanganya atoke nje akahesabu kuku, maana mtu aliyechomwa pembe tumboni na fahali wake mwenyewe hana muda wa uongo. Ndiyo, nilisema simwogopi fahali yule. Hata sasa simwogopi.

Niliishia darasa la nne, lakini kata nzima ya Tumati nani mwingine alimwangusha diwani kwa mdomo mtupu? Ni mimi, Tluway wa Akonaay. Huyo Agustino, kabla hajawa diwani, alikuwa kiranja wetu shuleni, akaliandika jina langu kwenye orodha ya watoro, nikachapwa mbele ya wasichana, nikaacha shule moja kwa moja. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Ushirika ulipokufa, wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao, mizani ya ushirika ikaonekana nyumbani kwa mjomba Nicodemo; nikawaambia watu anaitunza. Agustino alipoezeka nyumba yake, nikasema hayo ni mabati ya zahanati, na sikuwa nimeona hata msumari. Mjomba akipepesuka, amechoka; Agustino akisinzia kanisani, amelewa. Mnacheka? Chekeni, ninyi ndio mliokuwa mnapiga makofi.

Uchaguzi wa mwaka elfu mbili nikasimama mkutanoni nikamuuliza: "Diwani, baba yako alikuachia ng'ombe watano, leo zizini mna tisa. Hao wanne umewazaa wewe?" Watu wakashika mbavu. Yeye akaniangalia tu, akasema, "Tluway, kaa chini, mdogo wangu." Sikukaa. Kura zikammaliza.

Sasa tuna mkoa wetu mpya wa Manyara, na mwakani anataka kurudi. Nawausia, msimpe, hata akija kwa magoti. Shamba la bondeni ni la Hilary na Judica, la mlimani ni la Paskalina, na atakayemgusa nitamfuata huko huko aliko. Fahali yule mchinjeni matangani kwangu, ile pembe mtupieni mbwa. Mvua iwanyeshee taratibu, mahindi yenu yasilale, watoto wenu wawaamkie asubuhi.

Maji, Paskalina. Kidogo tu.

Kuna jambo nimeliruka. Sogea, Hilary, sauti inaniishia. Mnajua kwetu ng'ombe wa mtu hawalali zizi moja, na anayepewa kuwatunza hasemi ni wa nani, hata abanwe vipi. Baba, kabla hajafa, aliwapeleka wanne kwa Agustino, akaniambia mimi peke yangu. Alimwamini yule kuliko mimi mwanawe.

Siku ile nauliza, nilijua. Naye alijua kwamba najua. Neno moja tu lingemwokoa, akalimeza, kiti kikaenda.

Nendeni kwake. Mpeni shikamoo iliyonyooka. Mwambieni... mmekuja kuchukua ng'ombe wa Akonaay. Atawatoa, na ndama wao wote, wala hatawauliza kuhusu mimi.

Hilo ndilo linaniuma, Hilary. Siyo tumbo.