Mama Doa Kwenye Mlango wa Kuvulia

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, nisome maisha ya dada yetu.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, kifungua mimba wa baba yetu seremala na mama yetu mshonaji, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1974 akahitimu uuguzi na kuajiriwa hospitali kuu, alikotumikia hadi kustaafu.

Tarehe 20 Novemba 1976 alifunga ndoa na fundi magari, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto watatu, na ni kwa kumtazama mumewe akivua ovaroli jioni, kisha grisi ikabaki shingoni, ndipo alipong'amua kwamba uchafu humpata mtu zaidi wakati wa kuvua kuliko wa kuvaa.

Basi alipokabidhiwa wodi ya magonjwa ya kuambukiza, kila Ijumaa aliwavalisha wenzake mavazi ya kinga, akayapaka wino wa bluu, akawaamuru wavue, na aliyekutwa na doa mwilini alitangazwa marehemu palepale na kupewa pole, awe mfagiaji au daktari bingwa, ndiyo maana wakambandika jina la Mama Doa. Mganga mkuu, naye "marehemu" sugu, alinung'unika kwamba wanafanyia mazoezi ugonjwa usiokuwepo, dada akamwambia kinga ni bora kuliko tiba, avue upya.

Ugonjwa ulikuja Juni 2008, homa ya kutoka damu, watu wakaogopa hata kupita barabara ya hospitali, lakini chumba cha kutengea wagonjwa kilikuwa tayari, na dada alisimama mlango wa kuvulia akiwakaripia wenzake mmoja mmoja, taratibu, glavu kwanza, usijiguse uso. Mgonjwa wa kwanza alitoka kwa miguu yake, na hakuna mtumishi aliyeambukizwa. Narudia kwa fahari, hakuna hata mmoja.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na tarehe 3 mwezi huu usiku alifariki usingizini, asubuhi ya siku hiyohiyo akiwa amemgombeza muuguzi kwa kuvua glavu ovyo.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani mliotubeba, na ninyi wenzake wa wodi, pamoja na mganga mkuu, mlioomba kulibeba jeneza lake, nyote wazima.

Pumzika kwa amani, Mama Doa, marehemu wako wote wamekuja kukuzika.