Mzee Mzigo, Fundi Aliyepima Umeme Ukiwa Kazini

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, mume, baba, babu na mwalimu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Mzigo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, ingawa cheti chake kinasema 15, na mama yake alishikilia hadi mwisho kwamba aliyeshikwa na uchungu ni yeye, si karani. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa dobi na mkewe. Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari 1974, na Novemba 1977 akahitimu chuo cha ufundi katika fani ya umeme. Alianza kazi kiwandani Januari 1978, na tarehe 1 Agosti 1989 akahamia hospitali, akiwa fundi umeme.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyemwita kutengeneza taa ya chumba cha kushonea, na ambaye husema mpaka leo kwamba taa ilipona siku ileile, ila fundi ndiye hakuacha kurudi kuikagua. Walijaliwa mtoto wa kiume 1982, wa kike 1986, na walipokwisha kugawa nguo zote za watoto, tarehe 9 Julai 1997, akaja kitindamimba, binti wa miezi saba, mwenye gramu elfu moja na mia nne.

Mtoto huyo alilazwa katika kitanda cha joto cha wodi ya watoto njiti, katika hospitali ambayo baba yake ndiye aliyetunza nyaya zake, lakini asubuhi ya tarehe 11 mwili wake ulikuwa unazidi kupoa, na vitanda vingine vyote vilikuwa na watoto. Muuguzi mkuu alimtoa, akamlaza kifuani kwa mama yake, akamwita fundi. Marehemu alichomoa waya wa kitanda, akapima umeme ukutani, akapata volti 230 kamili, akatangaza kwamba umeme ni mzima na koili ya kitanda, waya unaotoa joto, imechoka, iagizwe nyingine, jambo ambalo lingechukua wiki nzima, na kila aliyekuwepo alijua kwamba mtoto hakuwa na wiki hiyo. Muuguzi akamwambia, mbele ya watu, "Baba mtoto, mwanao halali kwenye kitanda kilichozimwa. Umekipima kikiwa kimepumzika, unanipa majibu ya nini? Hata mimi nikiwa likizo sichoki!"

Marehemu alisimulia baadaye kwamba masikio yalimwaka, lakini mikono ilitii, akachomeka kitanda, akakiwasha, akapima tena umeme ukiwa umebeba mzigo, yaani kitanda chenyewe kikiuvuta, na sasa akakuta volti 160 tu, na mkondo wa ampea 1.2. Aligawanya volti kwa ampea akapata ukinzani wa omu 133, karibu sawasawa na koili mpya ya aina ile, kwa hiyo koili aliyoihukumu haikuwa na kosa, kisha akazidisha volti kwa ampea akapata wati 192, wakati kitanda kilihitaji 400, maana volti zikipungua kwa karibu theluthi tu, joto hupungua kwa zaidi ya nusu. Volti sabini zilikuwa zinaliwa njiani, akafungua ukuta, akakuta kiungo cha waya kilicholegea, kimeungua, plastiki yake ikianza kuyeyuka, wati themanini na nne zikiupasha moto ukuta badala ya mtoto. Alikikata, akaunga upya, volti zikapanda hadi 228 kitanda kikiwa kinafanya kazi, na kabla ya saa saba mchana binti alikuwa na joto, akilia kwa sauti ambayo baba yake aliiita kelele tamu kuliko zote.

Tangu 2001 hadi alipostaafu 2017 alifundisha chuo cha ufundi, na somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa kosa lake mwenyewe, "Weka mzigo kwanza, ndipo upime," na hapo wanafunzi wakampa jina la Mzee Mzigo, naye akalipenda.

Mwezi Februari 2024 alianza kuishiwa pumzi, moyo wake ukapimwa akiwa amelala, ukaonekana salama, akamwomba daktari ampime akipanda ngazi, na ugonjwa ukaonekana. Alitibiwa kwa uvumilivu, akafariki tarehe 2 Novemba 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wa leo na wa miaka ile, majirani waliotufungulia milango yao, na walimu na mafundi waliofanya kazi naye. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na wa tano anayetarajiwa mwezi ujao, ambaye mama yake ni huyo binti wa gramu elfu moja na mia nne, aliyekaa hapa mbele yenu.

Pumzika, Baba, kwa amani, joto limemfikia mwanao.