Neno Alilosikia Gwakisa Mwasomola Kule Chimala

Mchungaji, Padre uliyefuatana na wakwe zetu, viongozi wa mtaa, ndugu wa Kalenga mliosafiri tangu alfajiri, majirani wa Iyunga na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi naitwa Ambokile, ni mdogo wake marehemu wa kumfuata, na nimesimama kwa niaba ya familia. Mkononi nina kurasa nne, tatu tumeziandika sisi kwa pamoja juzi usiku, moja aliiandika yeye mwenyewe akaacha maagizo kwamba isomwe leo kabla ya jeneza kushushwa, na familia imekubaliana kutoruka hata mstari, ingawa wapo kati yetu waliotaka turuke.

Marehemu Gwakisa Anyitike Mwasomola alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Iyunga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Anyitike, aliyekuwa fundi wa reli, na mama yetu Tumpe, ambaye yupo hapa mbele na ameomba asisaidiwe kusimama. Alianza darasa la kwanza mwaka 1987 na kumaliza la saba mwaka 1993, akasoma sekondari kuanzia 1994 hadi 1997, kisha mwaka 1998 akajiunga na chuo cha ufundi jijini Mbeya, alikohitimu ufundi wa mawasiliano mwezi Novemba 2001. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ni mtaratibu kupita kiasi, baba akauliza kama hilo ni sifa au ni kosa, na sisi nyumbani tuliendelea kulijadili swali hilo mpaka mwaka huu.

Aliajiriwa tarehe 4 Februari 2002 kutengeneza laini za simu za shaba, na mwaka 2009, mkongo wa mawasiliano ulipopita nyanda hizi, akahamia kampuni moja ya ukandarasi kama mpimaji wa faiba kati ya Mbeya na Iringa, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Kwa wasioijua kazi hiyo, faiba ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga ambao jicho haliuoni, lakini mwanga huohuo unaweza kuliunguza jicho bila mtu kusikia maumivu yoyote, kwa hiyo mpimaji hatakiwi kabisa kuangalia ncha ya uzi kabla ya kuhakikisha kwamba umezimwa. Marehemu alizishika taratibu hizo mpaka zikawa tabia, vipande vya kioo alivikusanya kwa utepe wenye gundi akavifungia kwenye kopo, hakula chochote karibu na kazi, hakugusa uso kabla ya kunawa, na hapa nyumbani kalamu isiyo na kifuniko ilikuwa kesi. Shemeji Yusta anakumbuka kwamba hata makombo ya mkate mezani yalikusanywa kwa utepe huohuo.

Utaratibu mkubwa kuliko yote waliuita kuitana. Mmoja alikaa kituoni Iringa, mwingine akawa kwenye shimo la maungio barabarani, pale nyuzi zinapounganishwa, wakazungumza kwa simu ya faiba, kifaa cha kuvaa sikioni kinachopitisha sauti kwenye uzi mmoja usio na kazi. Wa shimoni aliuliza kama Iringa wako tayari, wa Iringa akazima mtambo, kisha akasema neno moja, giza, na kulitaja jina lake, na wa shimoni akajibu kwamba amesikia, anapima. Baada ya hapo alitoa kipimo cha mwanga akapima kweli, maana neno la mwenzake peke yake halikutosha, hata mwenzake angekuwa nani.

Mwenzake wa Iringa kwa miaka saba alikuwa Liberatus Kikoti wa Kalenga, mtu wa maneno machache, mwenye kawaida ya kuvuta pumzi kidogo kabla ya kusema lolote, na ni yeye aliyemkaribisha marehemu kwao siku ya Pasaka mwaka 2010, akamtambulisha kwa dada yake, mwalimu Yusta, bila kujua anajitafutia shemeji. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Oktoba 2010 kanisani Kalenga, Liberatus akiwa msimamizi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tumpe, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 2011 na kupewa jina la bibi yake, na Sedekia, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2014.

Jumanne tarehe 19 Julai 2016, saa tano na nusu asubuhi, marehemu alikuwa kwenye shimo la maungio nje kidogo ya Chimala, upande wa mashamba ya mpunga, akauliza kama Iringa wako tayari, akasikia ile pumzi, kisha akasikia, giza, Liberatus. Alijibu kwamba anapima, akashika hadubini ndogo ya kukagulia ncha ya uzi, akaiweka kwenye jicho la kulia. Hakuona kitu na hakusikia kitu, akala mchana pale Chimala kama kawaida, lakini jioni yake, akiwa hapa nyumbani, alimwambia mkewe kwamba akimtazama anaona moshi katikati ya uso wake, na moshi huo haukuondoka tena, tangu siku hiyo alimtazama kila mtu kwa kugeuza shingo pembeni.

Kwenye uchunguzi wa kampuni marehemu alisema mambo matatu, kwamba alisikia sauti ya Liberatus, kwamba aliijibu, na kwamba alipima na kipimo kikaonyesha sifuri. Liberatus alisema hakuwa kwenye kifaa dakika ile, alikuwa nje ya kituo akipokea dizeli ya jenereta, hakuzima chochote na hakusema neno lolote. Simu ya faiba haiachi kumbukumbu kama simu ya mkononi, likabaki neno la mtu kwa neno la mtu, na aliyeaminiwa ni yule aliyekuwa na bandeji jichoni. Liberatus aliachishwa kazi tarehe 30 Septemba 2016, hakuna mkandarasi aliyemchukua tena, mafundi wakampachika jina la Bwana Giza, naye akarudi Kalenga kulima vitunguu. Shemeji Yusta alimfungia kaka yake mlango siku hiyohiyo, akaacha kupokea simu zake, na watoto hawa wawili wamekua wakijua kwamba mjomba wao alimpofusha baba yao.

Sasa nafika kwenye ukurasa wake, ulioandikwa kwenye kaunta buku lake la kazi, na ambao alinikabidhi tarehe 17 Agosti mwaka huu nikiwa peke yangu naye.

Ukurasa huo unaanza kwa kusema kwamba siku ile ya Chimala hakupima. Kipimo kilikuwa kwenye mfuko wa kushoto, kikiwa kizima na chenye betri mpya, hakukitoa, kwa sababu aliyesema giza alikuwa shemeji yake na aliona kumpima shemeji ni kupoteza muda, na kwenye uchunguzi alidanganya kwa kuwa alikuwa ametumia miaka mingi kuwakaripia wenzake kwa kosa hilohilo.

Unaendelea kusema kwamba sauti aliisikia kweli, na kwa miaka miwili na nusu aliamini ni ya Liberatus, mpaka Jumamosi tarehe 12 Januari 2019, tulipomzika mama mkwe wake, bibi Verediana, kule Kalenga. Wengi wenu mlikuwepo, mnakumbuka Yusta alisimama upande mmoja wa kaburi na Liberatus upande wa pili, bila kusalimiana. Marehemu aliandika kwamba jeneza lilipoanza kushuka alikuwa amegeuza shingo, akimtazama Liberatus kwa jicho zima, akaiona midomo yake imefumba, na katika sikio lake mwenyewe, mahali palepale kifaa kilipozoea kukaa, ikavutwa pumzi kidogo, kisha sauti ileile ikasema, giza, Liberatus.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi tarehe 5 Agosti 2021, kwenye shimo lilelile la Chimala, Iringa akiwepo kijana Shedrack, ambaye yuko hapa na amekubali atajwe. Marehemu aliuliza kama wako tayari, akajibiwa, giza, Liberatus, wakati Liberatus alikuwa na mwaka wa tano hajakanyaga kituoni. Safari hii mkono wake ulikwenda mfuko wa kushoto, akapima, na kipimo kikaonyesha mwanga umejaa kwenye uzi. Alikaa chini ukingoni mwa shimo, na baada ya dakika kama mbili akamsikia Shedrack akisema kwa sauti yake mwenyewe, subiri kaka, bado sijazima.

Hapo marehemu alikwisha kujua kwamba shemeji yake hana hatia, na alinyamaza. Aliandika kwamba aliogopa kuambiwa amechanganyikiwa, na zaidi ya hilo aliogopa kumwambia Yusta amemkosesha kaka bure. Familia haitamtetea kwa hili. Nilimpenda kaka yangu na nitamlilia muda mrefu, lakini tangu kaburi la Kalenga mpaka kitanda cha hospitali ni miaka sita na miezi minane, na katika miaka hiyo nauli ya kwenda Iringa haikuwahi kumshinda.

Marehemu alianza kuugua mwezi Februari 2025, ikagundulika figo zimechoka, akatibiwa hapa Mbeya kwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tangu tarehe 28 Agosti hakutoka tena wodini. Alifariki Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, saa nane na dakika kumi mchana, jua likiwa limejaa chumbani, tukiwepo shemeji Yusta, mimi, na muuguzi aliyekuwa anabadilisha shuka la kitanda cha jirani. Dakika chache kabla ya hapo alifumbua macho, akauliza kwa sauti yake ya kazini kama Iringa wako tayari. Upande wa mlango tukasikia mtu anavuta pumzi kidogo, kisha anasema, giza, Liberatus.

Shemeji Yusta alisimama. Baada ya miaka tisa ya kutomtaja kaka yake alimsalimu kwa Kihehe, kamwene kaka, karibu ndani, akaenda mpaka mlangoni kumpokea mkono, na ukumbini hapakuwa na mtu isipokuwa mama wa usafi aliyekuwa mbali na ndoo yake, ambaye alisema hajaona mtu akipita. Aliporudi kitandani mumewe alikuwa amekwisha kutuacha. Muuguzi aliuliza yule mgeni ameelekea wapi, kwa hiyo hatukuwa sisi wawili tu tuliosikia. Shemeji alichukua simu palepale, akapiga namba ambayo alikuwa hajaisahau, na Liberatus akapokea, mashine ya kumwagilia ikinguruma nyuma yake, akasema, nipo shambani, dada, kuna nini.

Familia haina maelezo ya sauti hiyo, na tumemwomba Mchungaji asihangaike kutupatia. Tunachoweza kusema mbele ya kaburi hili ni kwamba Liberatus Kikoti hakusema neno lile Chimala, tunamwomba radhi yeye, mkewe na watoto wake, na tunawaomba mafundi wote mliopo mlizike leo lile jina la Bwana Giza. Kampuni tumeipelekea nakala ya ukurasa huu jana asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi saba, majirani wa Iyunga ambao tangu Jumatatu hawajaacha moto wa jikoni uzimike, wafanyakazi wenzake waliokesha nasi, kwaya, na wakwe zetu wa Kalenga, ambao walikuwa na kila sababu ya kubaki kwao.

Yapo mawili yaliyobaki. La kwanza ni la shemeji Yusta, alilolisema kwenye kikao cha familia na kuomba niliseme hapa, kwamba sauti ile ilisema giza Chimala na uzi ulikuwa unawaka, ikasema giza tena Chimala na kipimo kikaonyesha mwanga umejaa, haijawahi kusema kweli hata siku moja, na kwa hiyo ilichosema kwenye kaburi la mama yake na kwenye kitanda cha mumewe yeye amekipokea kinyume chake, na usiku ule alilala.

La pili ni agizo la marehemu, mstari wa mwisho wa ukurasa wake, kwamba asishushwe mpaka Liberatus asimame ukingoni, atazame, aseme mwenyewe anachokiona, giza au mwanga, na kutaja jina lake, nasi tuamini neno lake. Shemeji Liberatus, tunakuomba usogee. Dada yako atakushika mkono. Ndugu waombolezaji, naomba sote tumtazame yeye usoni, na kama mtalisikia neno kabla hajafungua kinywa, msiliitikie, tumngoje.

Pumzika sasa kwa amani, kaka Gwakisa. Tunapima.