Kifaru Mwenye Pembe Mgongoni

Benchi letu liko nje ya duka la kahawa pale Regent Park, Toronto, upande usiopigwa na upepo. Jumamosi ile Ndegwa, tunayemwita Makumbusho kwa kuwa huko ndiko anakotembeza wageni, alikuja na picha kwenye simu: kifaru aliyechongwa kwenye ubao na kuchapwa karatasini, huko Ujerumani, karne tano zilizopita. Kesho yake angewaeleza wageni maana yake. Akiwapendeza, meneja angempa ajira ya kudumu. Akiboronga, kibarua kingeota nyasi.

— Mbona ana magamba kama kobe? akauliza Landry, Mkongo tunayemwita Profesa kwa kuwa hakuna somo asilolifundisha.

— Ni deraya, vazi la chuma la vitani, Profesa. Mchongaji hakuwahi kumwona kifaru, aliletewa barua na mchoro tu. Na enzi zile kila mnyama alikuwa na maana: mbwa uaminifu, nyani tamaa, kifaru nguvu za vita.

— Na hii pembe ndogo mgongoni?

— Hakuna kifaru mwenye hiyo. Ilibuniwa.

— Ibuniwe wapi! Ya puani ni ya mfalme, ya mgongoni ni ya kanisa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana mfalme alimpakia melini kumpelekea Baba Mtakatifu!

Mzee Madatali, Mhindi mzaliwa wa Tanga, akatua kikombe.

— Acheni upuuzi. Huyo ni wa kwetu, alitoka Gujarat.

— Mzee, Gujarat umefika lini? akauliza Profesa.

— Sijafika. Lakini tazama tumbo hilo: huyo ana duka. Pembe ya mgongoni ni ya kutundikia funguo.

Ndegwa akashika kichwa.

— Mtaniponza nyinyi! Meneja amenipa kifaru akisema, "Wewe unawajua hawa, ni wa kwenu." Sasa nimwambie ni Mhindi?

— Usithubutu! akaruka Profesa. Aisifuye mvua imemnyea. Sema mlifuga. Sema nyanya yako alikuwa akimkama!

Tukacheka. Mumbi, nesi aliyehamia mtaani juzi, hakucheka.

— Kaka, kwani wewe kifaru ulimwona wapi?

— Hapa hapa Toronto, bustani ya wanyama. Shule ilitupeleka, nikiwa darasa la kwanza. Alikuwa amelala.

— Basi kwenu ni wapi?

Profesa akaitazama treni ya barabarani ikipita. Mzee akainua kikombe, kilikuwa kitupu. Ndegwa akaikuza picha kwa vidole, akaikuza tena, mpaka kioo kizima kikabaki na ile pembe ambayo hakuna kifaru aliyewahi kuwa nayo.