Mluzi Mmoja Mrefu kwa Mzee Kandagor

Ijumaa hii ya mwisho wa Mei, Mzee Reuben Kandagor anakabidhi funguo za gari, darubini, na ile kofia iliyochoka kuliko yeye mwenyewe. Ameitumikia Kambi ya Mgunga miaka thelathini na mitatu, akiwapeleka wageni kuona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Bogoria. Mimi Salina Jepkosgei, mwongoza wageni mwenzake, nimepewa kazi ya kumwandikia. Meneja alisema, "Wewe Salina mdomo wako hauna breki, angalau leo utufae." Haya basi, nitafaa.

Kwanza tangazo. Sherehe itafanyika ufukweni, karibu na chemchemi za maji moto, kwa matakwa yake mwenyewe. Jina lake nimeliandika hapa kwa kuwa karatasi haina sauti. Mkishashuka ufukweni, mtu asimwite kwa jina, wala asimwite mwenzake. Sababu mtaisoma hapa chini. Anayeona ni ushirikina ana ruhusa ya kucheka, ila acheke polepole.

Mzee alizaliwa huku huku kwetu, upande wa milimani, akachunga mbuzi pamoja na rafiki yake wa chanda na pete, Luka Kimuge. Wachungaji hao wawili walikuwa na miluzi yao. Mluzi mmoja mrefu: uko wapi? Miwili mifupi: niko hapa, mzima. Mitatu mifupi: nimeshafika nyumbani, usiningoje. Luka alipigwa teke na beberu, akang'oka jino la mbele, na tangu siku hiyo kila alipopiga ile mitatu, wa mwisho ulitoka umechanganyika na upepo. Kandagor alimcheka mpaka wakawa watu wazima.

Waliajiriwa hapa pamoja, siku moja. Walianza kwa kuosha magari, wakapanda hadi kuyaendesha, kisha wakakabidhiwa wageni. Wakongwe wa jikoni wanakumbuka siku nyani alipoingia garini akatoka na wigi la mgeni mmoja wa heshima. Kandagor alimfuata nyani huyo kichakani akimsihi, "Mheshimiwa, rudisha, hiyo si saizi yako!" Wigi lilirudi. Yule mama alilivaa hivyo hivyo, majani yakining'inia, na kila mwaka akarudi kumtafuta Mzee. Ni Mzee pia aliyewafundisha wageni kungoja. Aliwaketisha kimya mpaka tandala dume atoke kwenye mvuke na pembe zake zinazodondosha maji, na hata wale wenye domo kama langu wakakosa la kusema.

Basi, Luka na Kandagor walikuwa na mchezo wao ufukweni. Mmoja akipotelea kwenye mvuke, mwingine huita kwa sauti ya kuamsha bonde zima, "Luka! Umekufa ama uko hai?" Naye hujibu, "Niko hai! Nikifa nitakuambia!" Wageni walicheka hadi machozi. Kesho yake mwitaji huwa Luka, na anayeitwa huwa Reuben. Hakuna mwingine aliyemwita Mzee kwa jina hilo la kwanza. Sisi wengine tulimwita Mzee, au Kandagor.

Ukaja mwaka ambao heroe walikufa kwa wingi. Walilala ufukweni kama nguo zilizoanikwa zikasahauliwa, uwaridi umewatoka, na korongo wakitembea juu yao bila haraka. Asubuhi moja Luka alishuka kwenye chemchemi kuwachemshia wageni mayai. Kandagor alibaki garini na wageni wengine, na wote walisimulia jambo moja. Walimsikia Luka akiitika kutoka ndani ya mvuke, amechangamka, "Naja!"

Kandagor akageuka. "Nani amemwita?" akauliza. Yeye alikuwa hajafungua kinywa.

Ikasikika tena, "Naja basi, mbona haraka?" Safari hii ilikuwa mbali, upande wa maji.

Hapo ndipo Kandagor alipokimbia. Alikuta mayai yanaendelea kuchemka, na viatu vya Luka vimepangwa pamoja ukingoni, kama vya mtu aliyeingia nyumba ya watu. Polisi walikuja, waogeleaji walikuja, Luka hakupatikana. Wazee wetu husema chini ya ziwa kuna maboma yaliyozama kwa mvua ya usiku mmoja, na kwamba ukitulia alfajiri utasikia jogoo akiwika huko chini. Wageni huipenda sana hadithi hiyo. Kandagor hakuisimulia tena.

Badala yake alileta kanuni ambayo kambi hii inaifuata hadi leo: ufukweni hatuitani majina, tunapigiana miluzi. Kila mwajiriwa mpya hufundishwa aina zote tatu za mluzi kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi. Nilipoajiriwa nilimwambia, "Mzee, kwani sisi ni mbuzi?" Akanijibu, "Mbuzi wangu hajawahi kupotea, Salina. Binadamu amepotea."

Lakini tuligundua jambo. Ule mluzi mrefu, wa kuuliza uko wapi, yeye hakuupiga hata siku moja. Sisi tulimuuliza, naye alijibu miwili yake vizuri tu. Akimtafuta mtu, alimtuma mwingine apige. Aliogopa mawili: kujibiwa, na kutojibiwa. Na huku alikuwa anaitwa. Alituambia wazi, wala hakuwa mtu wa kutia chumvi, kwamba heroe wakinyamaza, sauti ya Luka humwita kutoka majini, naye huuma ulimi asiitike.

Kwa nini basi asiondoke? Alipandishwa cheo aende ofisi ya Nakuru, akakataa. Ziwa lilipofurika miaka ile michache iliyopita, likameza lango, barabara ya zamani na nyumba aliyopewa na kambi, alihamisha godoro lake hatua chache juu na kuendelea na kazi. Mkewe, Mama Tapkigen, alikuja hadi jikoni kwetu akamuuliza mbele ya watu, "Wewe ulinioa mimi ama ulioa ziwa?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Mama, kuna mtu aliniahidi neno. Nitaendaje kabla hajaniambia?"

Neno lenyewe sote tulilijua. Nikifa nitakuambia. Kwa hiyo tarehe ya kustaafu ilipokaribia, sisi hatukuwa tunapanga keki. Tulikuwa na hofu. Tuliona kwamba atakabidhi funguo, kisha atakuwa anashuka ufukweni kwa miguu kila siku, peke yake, mpaka siku moja achoke, aitike, na sisi tukute viatu vyake vimepangwa.

Wiki iliyopita alifanya safari yake ya mwisho, na mimi nikiwa naye. Wageni walikuwa familia kutoka Nairobi, na mama yao, Bi Wairimu, alikuwa mchangamfu kupindukia. Niliwaonya garini kuhusu majina. Lakini tulipofika na kutia mayai yao kwenye chemchemi, furukombe alishuka akamnyakua heroe mmoja mbele ya macho yetu, na onyo langu likamtoka Bi Wairimu kichwani. Akapiga kelele, "Kandagor! Kandagor, njoo uone!"

Heroe wakanyamaza. Nyinyi mnaolijua ziwa mnaijua sauti yao, ule mvumo usiokatika mchana kutwa. Ulikatika. Ghuba nzima ya waridi ilisimama na vichwa juu. Kisha kutoka kwenye mvuke, upande wa maji, mtu akaita kwa furaha, "Reuben! Reuben, umekufa ama uko hai?"

Wallahi nilisikia kwa masikio yangu haya. Haikuwa mwangwi, maana hakuna aliyekuwa ametaja Reuben. Bi Wairimu akawavuta watoto wake garini. Nilipogeuka nilimwona Mzee ameinama ukingoni, anafungua kamba za viatu. Alikuwa anatabasamu. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshatoka, naye alikiweka chini taratibu na kukinyoosha.

Nilimkamata mkono. "Mzee, vaa kiatu. Nakuomba, Baba, vaa kiatu."

"Si unamsikia?" akasema. "Ni yeye."

"Si yeye! Mbona anauliza? Wewe si ulisema yeye ndiye wa kukuambia?"

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi, nilikuwa nalia. Aliniangalia, nikaona lile tabasamu linamtoka. Ile sauti ikaita tena, karibu zaidi, "Reuben, si uitike!" Mzee akafunga kinywa. Kisha akaweka vidole viwili mdomoni na, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akapiga mluzi mmoja mrefu.

Maji yalitulia. Hakuna aliyeita jina tena. Tulingoja mpaka nikafikiri hakuna jibu, nikamwona Mzee anaanza kuzeeka pale pale niliposhika mkono wake. Ndipo ulipokuja, kutoka mbali sana, si kwenye mvuke bali upande wa pili, chini ya milima ambako walichunga. Mfupi. Mfupi. Na wa tatu, umechanganyika na upepo.

Heroe wakaanza kuvuma tena, kama kawaida yao. Mzee alikaa juu ya jiwe akacheka na kulia kwa pamoja, akijipiga paja. "Pengo lile!" akasema. "Pengo lile, Salina! Ameshafika nyumbani. Kumbe siku zote alikuwa anangoja nimuulize tu." Kisha akavaa kiatu, akafunga kamba vizuri, akaniambia tuwahi, mayai ya wageni yanaiva kupita kiasi.

Jioni hiyo alimpigia Mama Tapkigen simu, akamwambia aondoe kuku kwenye chumba chake maana anarudi nyumbani. Tumemnunulia mizinga sita ya nyuki na mtamba mmoja, na jikoni wameahidi mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wa kutosha kumlaza simba. Meneja naye ameahidi hotuba fupi. Tutaona.

Neno langu la mwisho ni lako, Mzee. Juzi nilishuka ufukweni kuangalia mahali pa kuweka viti. Heroe walinyamaza, na sauti ikaniita, "Salina! Njoo mara moja!" Ilikuwa sauti yako, haina tofauti. Nilikuwa nimekuacha jikoni, unakunywa chai. Niliuma ulimi, nikakagua kamba za viatu vyangu, nikapanda gari. Umenifundisha kazi, na nakushukuru kwa hilo kuliko kwa yote.

Asante kwa kila mgeni uliyemrudisha akiwa mzima, na kwa sisi ambao bado tunarudi. Nenda ukale asali yako, ugombane na kuku, ulale usingizi wa mtu asiyengoja simu. Ijumaa hatutakuita. Tutapiga mluzi mmoja mrefu, nawe utujibu miwili. Ile mitatu, Baba yetu, usiwe na haraka nayo. Ila siku yake ikifika, ujue tutauliza.