Pete ya Keekee

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti hii haitafika mlangoni.

Keekee ya mkono iliyomo sandukuni ni yako, Yapuni. Wewe ndiwe muuguzi wa chumba cha upasuaji sasa, mahali pangu, na hapa milimani Enga ukungu ukitanda ndege ya wagonjwa haiji, wala mashine ya kutobolea fuvu waliyo nayo hospitali kubwa hatutaimudu kamwe. Mimi nilinunua keekee ya seremala, nikaichemsha sufuriani, na watu wengi wanatembea leo kwa sababu yake. Wamenisifu kwa ile pete niliyoikata kwenye bomba la maji nikaifunga juu ya ncha, ili chuma kikishapita mfupa kikwame, kisiguse ubongo. Usiivue kamwe. Wanasema mimi, Kepai, nina akili, lakini hakuna aliyeuliza akili hiyo niliipata wapi.

Niliipata kwa Pingeta. Aliletwa kwa machela, kapigwa rungu na mtu wa ukoo wa Sambe kwenye ugomvi wa shamba la viazi, mboni ya jicho moja imetanuka na pumzi zinakatika. Damu ilikuwa inaukandamiza ubongo, nisingetoboa angekufa. Mkewe, Wambi, akanishika mkono akaniuliza, "Kaka, atapona?" Nikamwambia atapona. Nikaegemea keekee kwa uzito wangu wote, haina pete, na mfupa ukaachia ghafla. Ikazama. Niliihisi mkononi, na hata sasa naihisi.

Nikatoka nikawaambia ni rungu lililomuua. Labda angekufa hata hivyo; nimejificha nyuma ya hiyo labda miaka ishirini na saba. Wiki ile ndugu zake Pingeta wakawavamia watu wa Sambe, wakaua wawili, wakachoma nyumba, na mimi nilikuwa karakanani nikikata bomba. Mara mbili nilifunga safari ya kwenda kusema, mara mbili nikarudia njiani.

Tombai ameniambia asubuhi hii, "Baba, ukisema, watakaouawa ni sisi, wewe utakuwa umeshakwenda zako." Ni kweli, mwanangu, lakini sitawaachia ninyi mzigo wa kulisema. Mchungaji amewaita wazee wa koo zote mbili pamoja na Wambi, wamo uani, wameacha silaha barabarani. Nguruwe wangu wote na shamba la kahawa la juu wagawiwe wao, viwe fidia. Msibishane nao. Wakiwatukana, inamisheni vichwa.

Yapuni, mikono yako isitetemeke kazini. Tombai, Mungu akupe wana watakaokuuliza maswali, na akupe moyo wa kuwajibu. Nimewabariki nyote wawili.

Sasa nikalisheni. Polepole... Fungueni mlango, aingie Wambi kwanza.

Karibu, dada. Kaa hapa, karibu na mdomo wangu. Ngoja... nivute pumzi. Mumeo, si rungu. Ni mimi.